Kubeba mizigo na baiskeli mjini: niliyojifunza barabarani

Swali ninaloulizwa kila mahali ni lile lile, "hiyo baiskeli inabeba kilo ngapi?" Na mi nawaelewa, maana ukimwona mtu anakatiza mjini na madumu manne ya maji nyuma, au mitungi ya gesi imepangwa kwenye keria, akili inaenda kwenye kilo moja kwa moja. Ila kwa hii miaka yote niliyofanya hii kazi, jua langu mvua yangu, naona kilo sio jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni je, mzigo umetulia au unacheza? Kilo 80 zilizofungwa zikakaza, ziko chini, ziko katikati, unaenda nazo vizuri tu, afu kilo 30 zinazoyumba kila ukikanyaga pedali zinakuchosha mikono na mabega na mgongo mpaka unafika hoi.

Chukua dumu la lita 20. Likijaa ni kilo 20 za maji na halina shida, maji hayana pa kwenda. Likiwa nusu ni kilo 10 tu lakini maji yanakimbia humo ndani, ukikata kona yanaenda upande, ukishika breki yanakuja mbele afu yanarudi nyuma, na baiskeli inayafuata yanakoenda. Ndo maana mteja akiniambia "basi mwanangu nijazie nusu nusu usije ukaumia" namwambia hapana mama, nipe machache lakini yajae mpaka shingoni. Wanaona ajabu kidogo, wanadhani namjali tu mteja, kumbe najali safari.

Kuhusu baiskeli yenyewe. Ya kwangu ni ya chuma, ndefu kidogo kuliko za kawaida, mzigo unakaa nyuma, na nimeichagua hivyo kwa sababu chuma kikichoka kinaonyesha, unaona rangi inapasuka, unaona kaufa kwenye maungio, unampelekea fundi anachomelea siku hiyo hiyo. Kuna za aina nyingine na kila moja ina kazi yake. Kuna ile ya magurudumu mawili yenye jukwaa mbele, chini, kati ya usukani na gurudumu la mbele, inaitwa Long John, imeanzia Denmark miaka ya 1920, na uzuri wake mkubwa ni kwamba mzigo uko chini kabisa na unauona machoni muda wote. Kuna ya matairi matatu yenye sanduku mbele, Christiania ya kule kule Copenhagen wameanza kuitengeneza 1984, hiyo ukisimama haikudai usawa, inasimama yenyewe, ila kwenye kona lazima upunguze mwendo sana maana hailali kama ya matairi mawili, ukiingia kwa kasi gurudumu la ndani linanyanyuka. Na kuna hizi ngumu zilizotengenezwa makusudi kwa barabara mbovu, mfano Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, keria yake imeundwa kwa kilo 100. Mtu akiniuliza anunue ipi namuuliza kwanza unabeba nini na unapita wapi, maana ya matairi matatu kwenye uchochoro wenye mashimo itakutesa, na Long John inahitaji nafasi ya kugeuza.

Ila aina yoyote utakayochukua angalia vitu vitatu kabla ya rangi na urembo wote: keria, gurudumu la nyuma na stendi.

Keria ambayo miguu yake inashuka mpaka kwenye ekseli ya gurudumu ndo keria. Ile iliyoning'inizwa kwenye bomba la siti kwa bolti moja au mbili ni ya begi la shule, ukiweka mzigo wa maana inaanza kupinda taratibu, afu siku ikikatika inakatika ukiwa kwenye tuta. Gurudumu la nyuma nalo ndo linabeba karibu kila kitu. Zile baiskeli nyeusi za zamani za mtindo wa Kiingereza zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, na hao watu hawakuwa wanapoteza chuma bure, walijua uzito uko wapi. Spoku nene zipo pia, za kawaida zina milimita 2, za kazi zinafika 2.3 mpaka 2.6, na tofauti hiyo ndogo unaiona kwenye mashimo. Mi kila jioni kabla sijaiweka baiskeli ndani napitisha kidole kwenye spoku moja moja, nazipiga kama nyuzi za gitaa, zile za upande mmoja zinatakiwa kutoa sauti inayokaribiana, ikitokea moja inatoa sauti nzito imelegea basi hiyo naikaza hapo hapo, kwa sababu spoku moja ikilegea jirani zake zinabeba sehemu yake, na kesho unaweza kukuta imekatika moja.

Stendi ndo watu wanaidharau. Stendi ya mguu mmoja ya pembeni haifai kwa mzigo, baiskeli inalala upande mmoja na kila unachoongeza kinaivuta ilale zaidi. Unataka stendi ya miguu miwili, pana, inayoshika ardhi na kuinyanyua baiskeli ikae wima. Kazi yote ya kupakia inafanyika hapo kwenye stendi, ukiwa nayo mbovu unapakia huku umeishikilia baiskeli kwa nyonga, mkono mmoja uko kwenye kamba, na hapo huwezi kufunga kitu kikakaza hata uwe fundi wa namna gani.

Kupakia sasa. Hapa naomba nikae kidogo maana ndo penye kazi yenyewe. Kizito kinaanza, kinakaa chini na kinasogezwa mbele, karibu na siti kadiri inavyowezekana. Ukiweka uzito nyuma ya ekseli, yaani unaning'inia kule mwisho wa keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unakuwa hausikii, kwenye kilima kidogo tu tairi la mbele linaruka. Kwahiyo kabla sijafunga chochote naushika usukani nauinua kidogo, nikiona unanyanyuka kirahisi mno najua mzigo umekaa nyuma sana, nausogeza. Afu kulia na kushoto vilingane. Ukiwa na mtungi mmoja wa gesi tu usiuning'inize upande mmoja ukasema utajikaza, uweke katikati juu ya keria, umesimama wima, valvu juu, na chini uwekee kipande cha mpira au gunia lililokunjwa ili chuma kisiteleze juu ya chuma.

Kufunga, kuna mzee mmoja fundi baiskeli alinionyesha na tangu siku hiyo sijabadilisha. Nilikuwa nafunga mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa kamba ya katani, nimezungusha vya kutosha, akanitazama akasema "kijana, hiyo kamba imekaza sasa hivi, ukifika tuta la pili saruji imekaa, kamba imebaki na nafasi, utakuja kuniambia." Akachukua tyubu kuukuu, akaikata kwa urefu ikawa mkanda wa upana kama wa vidole viwili, akafunga ncha moja kwenye chuma cha keria, akaivuta mpaka ikawa nyembamba, akapitisha juu ya mfuko, akashuka upande wa pili akazungusha kwenye chuma bado ameivuta, akarudi kwa kukatisha ikawa msalaba. Halafu akanambia sukuma. Nikasukuma mfuko na baiskeli nzima ikasogea, mfuko wenyewe haukusogea hata kidogo. Siri ya mpira ni hiyo, unaendelea kuvuta hata mzigo ukishuka au ukijipanga upya njiani, kamba ikishalegea imelegea. Kamba naitumia bado, kwa vitu vigumu visivyobonyea kama mbao na mabomba, ila hata hapo juu yake napitisha mpira mmoja wa kuvuta.

Mbao na mabomba yanalala kwa urefu wa baiskeli, kamwe sio kukatisha. Najua kukatisha ni rahisi kupakia lakini unakuwa na upana wa gari bila kuwa na gari, na mtu anayetembea pembeni hana macho nyuma. Ncha ya nyuma nafunga kitambaa chekundu. Na siku zote kabla ya kuondoka naishika fremu naitikisa kwa nguvu kulia kushoto, kitu kikitoa sauti nafungua nafunga upya, hata mteja akiwa na haraka, hata kama anakunja uso, maana dakika mbili pale mlangoni ni nafuu kuliko kuokota vitu katikati ya magari.

Kuondoka nako kuna namna yake. Usipande kwanza ukaanza kukanyaga kutoka sifuri, baiskeli yenye mzigo mwendo mdogo ndo inayumba sana. Isukume hatua kadhaa ishike mwendo ndipo upande, au pedali iwe juu mbele tayari, ukanyage moja nzito. Macho mbali, sio kwenye tairi. Mikono ishike usukani bila kuukaba, mwanzoni kila mtu anaukaba na ndo unaufanya utetemeke zaidi.

Na kusukuma sio aibu. Hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu nimeona vijana wanajiumiza magoti kwenye kilima wasionekane wameshindwa. Hebu tupige hesabu kidogo: mwili kilo 70, baiskeli 25, mzigo 75, jumla 170. Kilima kinachopanda mita 5 kila mita 100, ukikipanda kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa unahitaji kama wati 140 za kupandisha uzito tu, bado hujahesabu msuguano wa tairi, na mtu mzima mwenye afya ya kawaida kudumu na wati 100 kwa saa nzima tayari ni kazi. Ukishuka ukasukuma kwa kilomita 3 kwa saa inabaki nusu yake, kama 70. Unafika na pumzi, unafika na magoti. Na historia ya baiskeli za mizigo imejaa watu wanaosukuma: vita vya Dien Bien Phu kule Vietnam mwaka 1954, wapagazi wa Viet Minh, wale Wavietinamu waliokuwa wanapigana na Wafaransa, walipeleka vyakula na risasi milimani kwa baiskeli ambazo walizifunga mti wa mwanzi kwenye usukani na mwingine kwenye bomba la siti ili waziongoze wakitembea pembeni, na baiskeli moja ilibeba zaidi ya kilo 200. Hakuna aliyekuwa anaiendesha. Mi kwa mzigo mkubwa kweli kweli huwa natumia akili hiyo hiyo, fimbo imara nyuma ya siti, natembea pembeni, mkono mmoja usukani mwingine kwenye fimbo.

Kwa vilima vya kawaida badilisha gia ya nyuma. Baiskeli nyingi za gia moja zinakuja na meno 44 mbele na 18 nyuma, hiyo ni ya mtu mwenyewe na begi lake. Ukiweka ya meno 22 nyuma, kila mzunguko wa pedali gurudumu linazunguka mara 2 badala ya karibu mara mbili na nusu, unapoteza mwendo kwenye tambarare lakini mguu unapata unafuu wa karibu asilimia 18 kila mkanyago, siku nzima. Kwa bei ya kipande kimoja cha chuma na kuongeza pingili za cheni sijui mabadiliko mengine yanayolipa hivyo. Na siti iwe juu ya kutosha, kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini mguu unyooke, vijana wengi wanaweka chini ili miguu ifike ardhini vizuri afu wanashangaa magoti yanauma.

Sasa breki. Kama kuna sehemu moja ya haya yote ningependa mtu asome mara mbili ni hii. Kukaa na mzigo barabarani sio tatizo, kusimama nao ndo tatizo. Ukiongeza uzito wa jumla mara mbili, kwa nguvu ile ile ya mkono umbali wa kusimama unakuwa mara mbili. Ukiongeza mwendo mara mbili umbali unakuwa mara nne. Ukifanya vyote kwa pamoja, yaani umebeba na unateremka kwa kasi, ni mara nane. Pale ambapo ungesimama kwa mita 3 ukiwa mtupu sasa unahitaji 24, na gari lililokatisha mbele yako haliko mita 24. Kwahiyo kwenye mteremko mi naanza kupunguza juu kabisa, kabla mwendo haujakua, sio katikati. Mvua ikinyesha nazidisha, hasa kwa ringi za chuma, chuma kikilowa mpira wa breki unateleza, unashika na hakuna kinachotokea mpaka maji yafutike kwenye ringi kwa mizunguko kadhaa ndo ikamate ghafla. Njia ni kugusa breki kidogo kidogo mapema ringi ikauke kabla hujaihitaji. Breki za mbele na nyuma zote zitumike, ile hofu ya kushika ya mbele iache, ukiwa na mzigo nyuma gurudumu la mbele haliwezi kukurusha kirahisi na ndo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha, shika taratibu tu na usukani uwe umenyooka. Mteremko mkali wenye mvua na mzigo mkubwa, shuka utembee. Mi nashuka.

Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua breki ya ngoma au ya diski, hazijali maji kama za ringi.

Upepo kwenye matairi angalia kila asubuhi, lile la nyuma lijae mpaka karibu na kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake. Pancha nyingi za mizigo sio misumari, ni tairi laini linabonyea kwenye shimo, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi inapata matundu mawili yaliyolingana, ukiona matundu mawili hivyo ujue ulikosa upepo. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Watu wa magari wanadhani sisi tunawachelewesha, na wateja nao mwanzoni wanadhani tutachelewa kuliko gari. Kwa safari fupi za mjini sio kweli, kwa sababu safari haianzi gari linapowaka, inaanza mtu anapotafuta pa kupakia na inaisha anapopata pa kuegesha na kutembea na mzigo mkononi mpaka mlangoni. Baiskeli inafika mlangoni. Mradi mmoja wa Ulaya unaitwa CycleLogistics ulikadiria kwamba asilimia 51 ya safari za kubeba vitu kwa vyombo vya moto kwenye miji ya huko zingeweza kufanywa kwa baiskeli, na mi nikiangalia vile vinavyopita mbele yangu kwenye magari, boksi moja, mfuko mmoja, kreti mbili, sioni kwa nini nisiamini. Ila ili ikubalike lazima tuendeshe kwa heshima: kwenye njia ya watu unashuka unasukuma, ukiwa barabarani usijibane ukingoni kabisa kwenye mchanga na milango ya magari yaliyoegeshwa, kaa mahali dereva anakuona, hatua nzima kutoka kwenye milango, na mkono utoke mapema kabla ya kukata kona maana na mzigo huwezi kuachia usukani kwa muda mrefu.

Za umeme zimeingia pia na nazipenda, hasa kwa wenye umri mkubwa au wenye vilima vingi. Ulaya sheria inaruhusu mota ya wati 250 inayosaidia mpaka kilomita 25 kwa saa tu, na ukirudi kwenye hesabu ya kile kilima utaona hizo wati 250 sio ndogo, ni zaidi ya mtu mmoja aliyekaza. Lakini mota haifungi mzigo na haisimamishi baiskeli, na kwa sababu inakupa mwendo rahisi inadai breki nzuri zaidi.

Kuna mizigo naikataa. Vioo vikubwa, kwa sababu upepo wa lori linalopita unavishika. Kitu chochote kinachonizuia kuona nyuma au kugeuza usukani mpaka mwisho. Mzigo wa mtu anayesema "we beba tu, utajua mbele ya safari", huyo hapana kabisa, kama hatujajua hapa tukiwa tumesimama hatutajua kule tukiwa kwenye mteremko. Mwanzoni nilidhani nitapoteza wateja kwa kukataa, ikawa kinyume, wanarudi na vitu vyao vya thamani kwa sababu wanajua nikisema nabeba, nabeba.

Kwahiyo wewe unayetaka kununua, usiende dukani mikono mitupu ukazunguka uwanjani na baiskeli tupu ukasema imekubali, kila baiskeli tupu inakubali. Nenda na madumu yako mawili yaliyojaa na mipira yako ya kufungia, waombe wakuruhusu, pakia kwenye stendi uone kama inasimama, tikisa, isukume, panda, kata kona kulia na kushoto, afu tafuta mteremko mdogo ushike breki. Na muuzaji akikukatalia kujaribu na mzigo, nenda kwa mwingine.